Ganda Lililopasuka

Juzi kijana wa doria kanitumia picha ya ganda la risasi lililopasuka ubavuni. "Shikamoo mzee. Bunduki yenyewe bado inalia vizuri, niendelee nayo?" Nikamjibu atoe bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma, bunduki aifungie stoo, asiiguse mpaka fundi silaha aione. Usiku usingizi ukanipaa, nikawa namuwaza mzee wetu wa Tabora, fundi silaha.

Enzi hizo Ugalla ilikuwa bado pori la akiba. Hifadhi ya taifa imekuja 2019. Tembo walikuwa wameingia kwenye mahindi, nikapiga risasi hewani kuwafukuza. Ile bunduki yangu ya .375 ikanirudishia moshi usoni, macho yakawasha, bolti ikagoma kufunguka. Nilipona. Safari ya kurudi mjini naiacha, barabara ya masika mnaijua.

Fundi hakuanza na bunduki, alianza na ganda. Alilizungusha dirishani taratibu. Ufa ulianzia juu kidogo ya mkanda wa kitako, ile pete inayozunguka ganda kwa chini, ukapanda kuelekea begani, pale ganda linapoanza kubana, na masizi yametapakaa palepale ulipo ufa. Akapapasa fataki, kile kitufe cha kitakoni kinachowasha baruti, kwa ukucha. "Haijabapatika. Presha ingezidi sana ingebapatika, ingawa hiyo peke yake haitoshi." Akamwaga risasi zilizobaki kwenye boksi: kadhaa zilikuwa na kutu ya kijani.

Nikaona jibu tumelipata, risasi ni mbovu. Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, na gesi iliyotoka humo imepita wapi?"

Akaviringisha pamba kwenye kijiti, akaipitisha ndani ya chemba, ile nafasi nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Mahali pamoja ikanasa, ikaacha nyuzi. Hapo akaziba mtutu kwa kitambaa mbele ya chemba, akayeyusha salfa kwenye kikopo juu ya moto mdogo, apate umbo la ndani ya chemba. Hakuwa na haraka, maana ikizidi moto inakuwa nyeusi na kuvutika kama asali. Harufu ilitukohoza sote. Akaimimina, ikaganda, akaisukuma kwa ufito kutokea mdomoni mwa mtutu. Ikatoka nzima, ya njano, na ubavuni mwake umeinuka mstari mwembamba. Nikapitisha kidole, nikausikia.

"Chemba imechimbika. Ganda litakalofuata litavimba humo na kunasa."

Nikamuuliza: ni risasi hii iliyochimba, au mfereji ulikuwepo tangu zamani?

"Nileteeni maganda ya nyuma. Yakiwa na uvimbe mahali hapo, ni wa zamani."

Tulipekua stoo nzima. Yalikuwa yameshauzwa na vyuma chakavu. Bunduki ikaondolewa kazini. Mimi naamini mfereji ulikuwepo, kwa sababu tangu kiangazi maganda yalikuwa yakitoka kwa shida na sisi tukiendelea kuibeba. Mzee hakukubali. Alisema hata uchafu tu wa chemba ungeweza kuyashika vile.