Usipime maili za Stevens kwa ramani ya leo

Thomas Stevens aliondoka San Francisco kwa baiskeli Aprili 1884, akavuka Marekani, akaingia Boston Agosti 4. Maili 3,700 hivi, siku 83 na nusu za mwendo wenyewe. Ukigawanya unapata kama kilomita 71 kwa siku, na msafiri wa leo hucheka: hizo ni za asubuhi tu! Asichojua ni kwamba zaidi ya theluthi ya njia hiyo Stevens aliitembea, akisukuma baiskeli.

Tatizo lilikuwa gurudumu la mbele. Kipenyo chake kilikuwa inchi 50, pedali zimefungwa kwenye ekseli yenyewe, bila mnyororo wala gia. Ukizungusha pedali mara moja, baiskeli ilisogea karibu mita 4, iwe tambarare au mlimani. Leo, gia ya mbele ya meno 24 ikivutana na ya nyuma ya meno 34, mzunguko mmoja husogeza mita 1.5 tu. Kwa hiyo unapanda ukiwa umekaa pale alipolazimika kushuka.

Kuteremka ndiko kulikokuwa hatari zaidi. Mwendeshaji alikaa karibu juu ya ekseli, na jiwe moja au breki ya ghafla ilimrusha kichwa mbele. Wengine walipitisha miguu juu ya usukani wakishuka mlima, ili wakirushwa watue wima. Inaonekana kama mchezo, lakini walikuwa na hoja.

Basi kabla ya kuamini simulizi yoyote ya zamani, tazama mwaka wa safari. Baiskeli ya Rover, yenye mnyororo, ilitoka 1885, tairi la upepo la Dunlop 1888. Baada ya hapo mianguko hupungua, pancha zinaanza.

Siku hizi kero imehamia gurudumu la nyuma, kwa sababu ya mzigo. Spoki iliyolegea hujikunja kidogo kila mzunguko, mwisho hukatika pale kwenye kona yake, kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kaza zote kwa usawa kabla ya kuondoka, hamishia sehemu ya mzigo mbele, na beba spoki 3 za urefu sahihi. Beba pia kifaa cha kufungulia gia za nyuma. Spoki ya upande wa mnyororo haiingii kabla hujazitoa.

Mwenye gari usimuulize kama njia ni tambarare. Mwinuko wa asilimia 3 hausikii, na upepo wa mbisho haumhusu. Muulize kuhusu malori na upana wa ukingo wa barabara, hapo ni shahidi mzuri.

Lakini faida ya reli, Stevens aliiona mapema, akaifuata reli sehemu nyingi. Treni haipandi miinuko mikali, kwa hiyo palipopita reli ya zamani iliyong'olewa na kugeuzwa njia ya baiskeli, mwenye mizigo hupita bila kuhangaika.