Kitabu cha Steji

Steji yenyewe haikuzidi upana wa matatu mbili, pale lami ilipoishia Kaptembwo, mtaa wa Nakuru. Kwa ajili ya upana huo vijana wa bodaboda walikuwa wamevunjiana taa na kuchaniana rifleketa, na mmoja alikuja kikaoni akiwa na nyuzi kwenye paji la uso. Kundi la zamani lilisema steji ni yao. Waliojitenga walisema barabara ni ya serikali, kila mtu abebe abiria wake.

Ilikuwa 2019. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya utatuzi wa migogoro, masomo ya wikendi hapo Nakuru, karo ya mkopo wa sacco. Mhadhiri wetu ni mpatanishi pia, na wazee wa mtaa walikuwa wamemwomba akae na vijana wale. Akatubeba wanafunzi watatu. Tukae nyuma, tuandike. Hayo ndiyo yalikuwa maagizo yote.

Wiki hiyohiyo alikuwa ametufundisha kuhusu siri. Alitueleza jinsi Kofi Annan, mpatanishi wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, Februari 2008, alivyowatoa wajumbe wa pande mbili Nairobi akawapeleka Kilaguni, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, mbali na kamera, ili mtu aweze kulegeza kamba bila kusomwa gazetini kesho yake kama msaliti. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 mwezi huo. Mimi nilisikiliza somo hilo kwa sikio la peke yangu, maana siku hizo za Kilaguni nilikuwa kidato cha 2, ninalala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru na mama na wadogo zangu. Ndiyo sababu niliyoiandika kwenye fomu ya kuomba nafasi chuoni. Kwa hiyo siwezi kusema sikuelewa.

Tulikaa katika ukumbi wa kanisa, kwenye viti vya plastiki. Ibara ya 159 ya Katiba inataja maridhiano, upatanishi, usuluhishi na njia za jadi, nasi darasani tulipoteza alasiri nzima kuzitenganisha. Kaptembwo zote nne zinaitwa kukaa chini. Mhadhiri akawasimulia ile hadithi ambayo kila mwanafunzi wa fani hii huipata mwezi wa kwanza: watoto wawili waligombania chungwa, mama alikata katikati, kumbe mmoja alitaka nyama ale, mwingine alitaka ganda la kutia kwenye keki. Kijana mmoja akainua mkono.

"Sasa mwalimu, hapa nani anataka ganda?"

Ukumbi mzima ukacheka, mhadhiri naye akacheka. Nilifikiri moyoni kwamba kijana amemshinda. Abiria ni walewale, na kila mtu anawataka.

Saa tano tukaachiliwa kwa chai. Nilisimama kwenye kibanda cha nje nikisubiri mandazi, na kijana wa kundi la zamani, mwenye rifleketa ya kijani, akasogea kama anayetafuta chenji.

"Madam, hayo maneno ya steji ni ya juu juu tu. Waulizeni kitabu kiko wapi." Akanywa chai. "Lakini mimi sijasema kitu."

Kitabu kilikuwa cha akiba. Kila mwanasteji alitoa shilingi 50 kila siku ya kazi. Waliojitenga walikuwa wametoa kwa miezi 14, na walipoondoka hawakurudishiwa hata senti. Nilipiga hesabu kwenye kiganja: zaidi ya shilingi 18,000 kwa kila mtu. Kumbe ganda lilikuwepo.

Mpatanishi anapokaa na upande mmoja faraghani, kabla ya kutoka huuliza: katika haya uliyoniambia, lipi nimwambie mwenzako? Swali hilo nilikuwa nimeliandika daftarini na kulipigia mistari miwili. Niliingia ukumbini na mandazi mkononi, kijana akiwa hatua tatu nyuma yangu, na mwenyekiti wa steji alipoanza tena kuhusu nani aliyetangulia kupajaza changarawe, nikainua mkono.

"Samahani. Kuna mwenzenu ameniambia tatizo si steji, ni kitabu cha akiba."

Hakuna aliyenitazama mimi. Walimtazama yeye.

Mwenyekiti akasimama, kiti kikaanguka. Mhadhiri aliwatenganisha haraka, kila kundi chumba chake, na alasiri hiyo akaongea mwenyewe, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Sisi watatu tulibaki nje tukihesabu kuku wa kasisi. Jumamosi iliyofuata kitabu kililetwa. Wakakubaliana kurudisha pesa kwa awamu, na steji ikawa moja, foleni moja, zamu kwa zamu. Waliweka saini na wazee wakawa mashahidi. Ripoti yangu ilipata A.

Kijana wa rifleketa ya kijani hakuwepo siku ya kutia saini. Nilipouliza, mmoja alisema, "Huyo aliacha steji," kwa namna ambayo sikuuliza tena. Mhadhiri hakunikemea hata mara moja. Tulipokuwa tukingoja matatu aliniuliza tu, "Ulimwomba ruhusa?" Halafu gari likaja.

Miezi kadhaa baadaye nilishuka Njoro kwenda kumwona shangazi, nikaita boda. Aliyekuja alivaa rifleketa ileile, imepauka. Alinitazama, nikamtazama.

"Madam. Unaenda wapi?"

Nilimwambia. Akasema shilingi 150. Njia ile ilikuwa 100, na alijua kwamba naijua. Nikapanda, nikalipa, sikusema kitu, naye hakusema.