Mkasi wa Mwanjelwa

Kufuga nywele si kazi. Kazi ni kusikiliza watu. Tangu nilipoacha kunyoa, mwaka 2015, kila niliyekutana naye Dar alikuwa na la kuniambia, na wote walizunguka palepale: mwanaume anayezirefusha azipunguze kila mara, au aziache kabisa? Jamaa mmoja wa kazini, naye alikuwa anafuga, hakukosa kwenda kwa kinyozi kila mwisho wa mwezi, "ili zipate nguvu." Dada mmoja msusi, jirani yangu Sinza, akaapa kwamba nikigusa mkasi kabla hazijafika mabegani nisimkalie tena kwenye kiti chake. Niliwaitikia wote wawili na kuendelea kupaka mafuta ya nazi.

Halafu kaka yangu akaoa. Desemba ya mwaka uliofuata, harusi nyumbani Tukuyu, mpambe mimi. Mama akapiga simu.

"Baba, kwenye ile picha aliyotuma kaka yako, yule wa pembeni ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Haya. Na utasimama madhabahuni hivyo?" Akanyamaza kidogo. "Mchungaji mwenyewe ana presha."

Mama hakuwa anasingizia. Nywele za kipilipili zikianza kukua haziendi chini, zinajaa pembeni, na miezi ile ya katikati, kabla hazijawa na uzito wa kujilaza, ndiyo inayowarudisha wanaume wengi kwenye para. Zangu zilikuwa zimetuna juu ya masikio, kisogoni zimebonyea kwa kulalia mto, na mbele kuna kishungi kimoja kilichokuwa na mambo yake. Hata hivyo, kunyoa sikutaka. Nilikuwa nimeshavumilia mengi mno.

Nikashuka Mbeya usiku, nikalala kwa binamu, na asubuhi nikaenda Mwanjelwa kutafuta mtu wa kuzipunguza bila kuzimaliza. Nikaingia saluni moja nyuma ya soko, ile ya kawaida tu: bango la vichwa vilivyochorwa, chupa ya spiriti, kopo la poda, redio inayokoroma. Mlikuwa na kijana mwenye mashine mkononi, na mzee mmoja kwenye benchi akipangusa mkasi kwa kitambaa.

"Braza, para au kiduku?" kijana akaniuliza, mashine inanguruma tayari.

"Kupunguza tu. Nazifuga."

"Poa, nitoe nusu. Mwezi ujao zinarudi kwa hasira. Si unaona chai kule Rungwe? Wakichuma, inachipua. Wasipochuma, inalala."

Nikakubali kwamba ni hoja. Sisi tumekulia katikati ya mashamba ya chai, tunajua mti mmoja wa chai huchumwa na kuchipua miaka mingi kuliko umri wa mchumaji. Mzee ndiye aliyekataa, bila hata kuinua macho.

"Chai ina macho palepale ilipochumwa. Unywele una jicho wapi? Ukishatoka kwenye ngozi umekufa. Ukiukata huku juu, shina kule chini halina habari."

Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniashiria nihamie kiti chake. Kijana akazima mashine, akaongeza sauti ya redio.

Tangu siku hiyo nimesoma sana juu ya nywele, na sijaona pa kumpinga yule mzee. Unywele unatengenezwa chini ya ngozi, na kwa wastani hurefuka sentimita moja na kidogo kwa mwezi. Za kipilipili mara nyingi hazifiki hata hapo. Zinazoonekana kugoma kukua huwa zinakua kama kawaida, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile. Mafuta ya kichwani hayateremki vizuri kwenye unywele uliojikunja, kwa hiyo ncha hukauka na kila kitana kinazivunja. Mafuta yangu ya nazi yalikuwa yanaishia kwenye ngozi ya kichwa, mahali ambapo hayakuhitajika sana.

Ila pale kitini sikuwa na elimu hiyo. Mzee alinifundisha kwa vidole. Alishika kifungu kimoja cha nywele juu ya sikio langu, akakivuta taratibu mpaka kikagusa kidevu. "Umeona ulipofika?" Akakiachia. Kikaruka na kurudi juu ya sikio. Kisha akaniomba karatasi nyeupe. Sikuwa na kitu ila tiketi ya basi. Akaigeuza upande usioandikwa, akaiweka nyuma ya ncha zile na kuniinamisha kwenye kioo. Nikaona nywele zilizogawanyika mkia, na nyingine zimejifunga fundo zenyewe, vifundo vidogo kuliko mbegu ya mchicha, kila kimoja kikisubiri kitana kije kukinyofoa.

"Hizi ndizo nitakazotoa," akasema. "Nyingine si zangu."

Nikamuuliza nirudi kila baada ya muda gani.

"Ukija kila mwezi nikakutoa sentimita moja, mwisho wa mwaka nywele zitakuwa palepale na utakuwa umenilisha mimi tu. Njoo ukiona vifundo. Usipoviona, kaa kwako."

Kinyozi anayemfukuza mteja sikuwahi kumwona kabla ya hapo.

Alikuwa anakata kidogokidogo, kitana kikitangulia, mkasi ukifuata, na mdomo haukulala. Akanisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na kiti chake chini ya mti, Kasumulu, mpakani na Malawi. Enzi hizo Kamuzu Banda alikuwa bado madarakani ng'ambo ya Mto Songwe, na sheria yake ilikataza wanaume kufuga nywele ndefu na wanawake kuvaa suruali. Vijana wa Kizungu waliokuwa wanazunguka Afrika na mabegi mgongoni walifika mpakani nywele mabegani, wakaambiwa hawapiti. Waliosikia mapema walinyolewa upande wetu, kwake. Wengine walivuka wakabahatisha, wakakutana na mkasi wa serikali.

"Walikuwa wanalia?" nikauliza.

"Mmoja alilia. Nilimtoa vidole viwili tu, akavaa kofia, akapita." Akacheka peke yake. "Pale nilijifunza kupunguza. Mtu anakuomba umkate asikatwe."

Banda alishindwa uchaguzi mwaka 1994, na mzee akapandisha kiti chake Mbeya, kwa sababu wateja wa namna ile walikuwa wamekwisha. Nadhani nilikuwa mteja wake wa kwanza wa aina hiyo kwa muda mrefu, maana aliifanya kazi yangu kwa raha ambayo bei yake, shilingi elfu tatu, haikuieleza.

Utosini na kisogoni alinitoa vifundo tu. Pembeni, juu ya masikio, ndiko alikokata kweli, akakiadabisha kile kishungi cha mbele, akamaliza kwa kuchonga mstari wa paji kwa wembe. Hakunipaka spiriti ila pale wembe ulipopita. Nilipojitazama, nywele zilikuwa zilezile, lakini kichwa kilikuwa na umbo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jamaa yangu wa kazini na yule msusi walikuwa wanabishania urefu, wakati mkasi unaweza kuitwa kwa ajili ya umbo peke yake, na urefu ukabaki.

Jioni nikafika Tukuyu. Mama alinizunguka mara moja uani, akanishika kichwa kama anachagua parachichi.

"Sasa umekuwa mtu. Umenyoa vizuri."

"Mama, hajanyoa chochote huyu!" kaka akapaza sauti kutoka ndani.

"Nyamaza. Mimi nina macho."

Harusi ikapita salama, na mchungaji pia. Mama alikuwa amefurahi kiasi kwamba wiki iliyofuata akanidai maelekezo ya saluni ile, akampa mdogo wetu wa mwisho nauli na elfu tatu, akamtuma Mwanjelwa naye akapunguzwe. Mzee hakuwepo siku hiyo. Mtoto alirudi na kiduku.