Chupa ile ya damu

Machi 2017 shemeji yangu alijifungua kwa upasuaji, akapoteza damu nyingi. Ndugu tuliombwa tujitolee kufidia ile aliyowekewa, nasi wanaume watatu tukapanda daladala kwenda Bukoba mjini. Mimi ndiye niliyewatangulia wenzangu. Nilikuwa na miaka 34 na kilo 76, na mkungu wa ndizi niliubeba begani kutoka shambani hadi barabarani bila kuutua. Nikalala kwenye kile kitanda, nikawa nakunja na kukunjua ngumi mpaka chupa ikajaa. Wakanipa soda na biskuti, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Wiki ya tatu nikapigiwa simu: majibu yapo, unaombwa ufike mwenyewe. Nikadhani ni kadi yenye kundi langu la damu.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alifunga mlango, akaniuliza kama niko tayari kupokea jibu lolote, kisha akaniambia kuwa damu yangu imeonekana kuwa na maambukizi ya VVU.

Neno la kwanza kunitoka lilikuwa hili: "Mama, damu yangu amewekewa shemeji?"

"Hapana, baba. Damu haimfikii mgonjwa kabla haijapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Chupa yako ilitengwa, haiwekewi mtu."

Hapo ndipo nilipopata pumzi ya kujifikiria mwenyewe. Nikamwambia, "Lakini mimi siumwi. Hata mafua sina."

Lazima nieleze nilikotoka na neno hilo. Nilizaliwa 1983, mwaka ule ule wagonjwa watatu wa kwanza nchini walipogunduliwa mkoani kwetu Kagera. Siku hizo ugonjwa haukuwa na jina, watu wakauita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani kutoka Uganda. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa waliokuwa wakivuka. Nilikuwa na miaka saba alipolazwa chumba cha nyuma nyumbani kwa bibi. Nakumbuka nywele zake zilivyolegea kama za mtoto mchanga, na mikono yake juu ya blanketi, mifupa mitupu. Kwangu mimi VVU ilikuwa ni ile sura. Kijiweni tukimwona mtu amekonda tulisema kakanyaga miwaya, na mimi nilikuwemo katika kusema. Sikuwahi kumnyooshea kidole mtu mnene.

Niliomba nipimwe upya, nikiamini chupa zimechanganywa. Hakubisha. Akanitoboa kidole, akadondosha tone la damu kwenye kipimo mbele ya macho yangu, tukasubiri dakika 15. Mistari miwili. Akachukua kipimo cha aina nyingine ili kuthibitisha. Miwili tena.

"Kipimo hiki hakitafuti dalili," akasema. "Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako umewatengeneza baada ya kukutana na kirusi. Mwili wako umeshajua zamani. Wewe ndiye unayejua leo." Akanieleza kwamba mtu anaweza kukaa hata miaka minane au kumi akiwa na nguvu zake zote, huku CD4, chembe za damu zinazoulinda mwili, zikipungua kidogo kidogo bila yeye kusikia chochote.

Nikakumbuka migomba. Mnyauko ulipoingia Kagera mwaka 2006, bwana shamba alitufundisha kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, kwa sababu mgomba unaweza kusimama kijani kibichi kumbe umeshaambukizwa. Ukiukata ndipo unaona majimaji ya njano yakitoka. Nikamwambia mama yule kwamba nimeelewa, mimi ni mgomba wa kung'olewa.

Aliinuka, akahamia kiti cha upande wangu. "Mgomba hauna dawa, baba. Wewe unayo. Tena zamani tungekwambia rudi nyumbani, subiri mpaka CD4 zishuke. Sasa anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri augue."

CD4 zangu zilikuwa 412. Mtu mzima hutarajiwa kuwa na 500 au zaidi. Namba hiyo ndiyo iliyonifanya niamini, kuliko ile mistari.

Aliniomba nisianze kuhesabu miaka kumtafuta aliyeniambukiza. Nilihesabu, ndani ya daladala, njia nzima. Nikafika 2012, nilipokuwa Geita machimboni, kabla sijaoa. Kuna wakati nilipata homa karibu wiki mbili, koo likiuma, tezi za shingoni zimevimba, vipele kifuani. Nilinunua dawa ya mseto dukani bila kupima malaria, ikapita. Siwezi kuapa kwamba ndiyo ile. Lakini nikiwa kwenye kiti cha nyuma nilijiambia kwamba huenda mwili ulishanipigia hodi mara moja, nami nikauitikia kwa dawa ya malaria.

Mke wangu nilimkuta anachambua maharage. Nilimwambia kwa Kihaya, maneno machache, nikiwa nimesimama mlangoni. Mikono yake iliendelea kuchambua. Baada ya muda akauliza, "Na mimi?" Nikasema kesho twende wote. (Tulikwenda. Yeye hakuwa nayo, na aliporudia baada ya miezi mitatu hakuwa nayo. Mimi baada ya miezi sita ya dawa virusi havikuonekana tena kwenye kipimo, na tukaelezwa kwamba mtu akifikia hapo na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.)

Lakini jioni ile hatukuwa na majibu hayo. Giza lilikuwa linaingia na watoto hawajala. Nikachukua panga ukutani, nikashika njia ya shambani. Nikasikia ndala zake zikikimbia nyuma yangu. Alinifikia kwenye mgomba wa tatu, akaushika mkono wangu wenye panga kwa mikono yake yote miwili.

"Nakata ndizi za usiku," nikamwambia.

Hakuniachia mara moja. Kisha akasogea hatua moja, akasimama pale pale akinitazama, nami nikakata mkungu. Akaupokea upande mmoja kabla haujagusa ardhi.

"Leo hubebi peke yako," akasema, tukaupeleka jikoni.