Kabichi ilivyonipa majibu ya uongo

Wenye kusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp ile juisi ya kabichi na asali, eti inamaliza wadudu wa vidonda vya tumbo, mimi mnitoe. Nimeshainywa. Siku 21, glasi nzima, kabla hata sijapiga mswaki.

Kipimo cha choo kilionyesha nina H. pylori, wale bakteria wa tumboni wanaoleta vidonda, daktari akaniandikia dozi ya siku 14: amoxicillin, clarithromycin na omeprazole. Shangazi akapiga simu. "Mwanangu, antibaiotiki zote hizo utamaliza ini. Kunywa kabichi." Nikaona busara. Dukani nikachukua omeprazole peke yake, ya kutuliza kiungulia, halafu nikaenda Mabibo kununua kabichi.

Anayesema juisi ile haina shida hajawahi kupanda daladala la saa kumi na mbili asubuhi akiwa nayo tumboni. Nilibeua mara moja tu, kabla ya Magomeni. Konda akapaza sauti: "Jamani, nani kapakia mzigo umeoza?" Nami nikamtazama vibaya kijana wa pembeni yangu, Mungu anisamehe.

Siku ya 22 nikapima. Hakuna mdudu! Jioni nikajipongeza na mishikaki na pilipili ya kutosha, na kazini nikawa daktari bingwa wa kabichi. Wenzangu wawili waliacha dozi zao kwa ajili yangu. Mmoja mpaka leo ananisalimia kwa mkato.

Haikupita mwezi, usiku tumbo linawaka moto. Safari hii nilikutana na dada mmoja kwenye zahanati, akauliza swali moja tu: "Ulipopima, omeprazole ulikuwa umeacha?" Sikuwa nimeacha. Kumbe inawapunguza wale wadudu, kipimo kisiwaone, na wenyewe wamo. Unatakiwa uiache wiki 2 nzima ndipo upime. Wiki 2 hizo niliishi kwa vidonge vya magnesiamu vya kutafuna. Nikarudi kupima: wamejaa tele.

Nikasema basi, leteni antibaiotiki. Zilikula kama elfu hamsini, au sitini, sikuweka risiti. Ile clarithromycin inakuachia uchungu mdomoni kama umelamba sarafu, chai yenyewe haina ladha. Kuhara kulipoanza, yule dada akaniambia nile mtindi, na kweli ulinisaidia. Asali niliendelea kulamba kwa sababu ni tamu. Inaua bakteria kwenye visahani vya maabara, alivyonieleza, ila tumboni kwa mtu haijaonekana kuwamaliza. Siku ya 9 nilijisikia mzima nikataka kuacha, mke wangu akaficha ufunguo wa geti mpaka nimeze.

Baada ya dozi nikasubiri wiki 4 zilizotakiwa, omeprazole siigusi, nikapima. Hakuna kitu, na safari hii kweli.

Nikampigia shangazi kumpa habari. Akacheka kwa furaha. "Si nilikwambia? Kabichi huwa inachelewa tu."