Siku niliyofungua duka la santuri

Kwa miaka mingi nilikuwa nauza antiki za kawaida tu hapa Mji Mkongwe, masanduku ya njumu, saa za ukutani za Ansonia, zile sahani za Maastricht bibi zetu walokuwa wakizipamba ukutani, na pesa za shaba za Seyyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijria. Riziki ilipatikana, sikatai. Ila kuna kitu kilikuwa kinaniuma sana, wateja wote wageni, mtu analipa, kitu kinafungwa magazeti kinapanda ndege ndo basi tena, na ukimuona Mzanzibari kaingia dukani ujue kaja kuuza.

Ndo nikafungua duka jengine, la santuri peke yake, zile sahani za muziki za zamani, unasikiliza kwanza ndo ununue, na asiyenunua akae tu asikilize. Watu wakanambia bwana wee nani atanunua hizo na muziki wote uko kwenye simu.

Siku ya kufungua nikatoa meza barazani, nikaweka kinanda cha santuri, kile cha kutia ufunguo kwa mkono, na sahani ya kwanza nikaweka ya Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, zile alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani za wakati ule zinazunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja dakika tatu hivi ushaisha, na sindano ya chuma lazima ubadilishe kila upande, maana ikichakaa inakwangua na sahani ndo imekufa hiyo.

Mwanzo ulitoka mkwaruzo tu, halafu ala, halafu Siti mwenyewe. Wazee wa kahawa wakahama na vikombe vyao wakaja kukaa kwangu, wakaanza kubishana udi kapiga nani, huyu anasema Subeit Ambar, yule anasema hapana huyo Mbaruk, rudisha mwanangu, rudisha tena, narudisha, sindano mpya, wanainamisha vichwa, ubishi unaanza upya!

Alasiri akaja bibi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo na kitu kakifunga kwenye kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hii siuzi, nakwambia mapema. Ilikuwa ya mama, nataka kuisikia tu."

Ilikuwa na ufa pembeni urefu wa kucha, kwa hiyo kila mzunguko inapiga tk, tk, lakini ikaimba. Na yeye akawa anaimba nayo kwa sauti ndogo, ubeti anaufikia yeye kabla ya sahani, wazee wote kimya. Ilipokwisha akaniuliza, "Na kinanda chetu kimekatika spiringi, utakiweza?"

Nikamwambia kilete. Siku hiyo sikuuza hata sahani moja na nilifunga nina furaha sijapata kuwa nayo kwenye kazi hii. Kinanda kikaja na mjukuu wake, nikakifungua taratibu maana ule utepe wa chuma ni mrefu na ukikuruka unakata mkono, grisi imekauka nyeusi, na chuma kimekatika pale kinaposhika katikati. Nikakata ncha, nikaipasha moto ilainike, nikatoboa tundu jipya, nikakunja, nikatia grisi, kikazunguka. Bibi alikuja kukichukua mwenyewe na akalipa, nikampunguzia akakataa. Baada yake vikaanza kuja vyengine, kutoka Kikwajuni, kutoka Malindi, vimetolewa chini ya vitanda, na kodi ya lile duka mpaka leo inalipwa na matengenezo ya watu wa hapahapa.