Undu wa jogoo

Jana nilikuwa Ngamiani kwa dada, pilau ya jogoo. Mpwa wangu wa miaka minane kanivamia na dinosaria wake wa plastiki, kijani kama mchicha: "Mjomba, rangi waliijuaje na wamekuta mifupa tu?"

Mdomo umejaa, najibuje? Nikachukua fuvu la jogoo sahanini, nikalikwangua hadi likawa jeupe. "Haya, undu wake uko wapi?" Kalizungusha, kachungulia hadi matundu ya macho. Hamna! Undu ni nyama tupu.

Wataalamu nao walishachemsha: mfupa wa kidole gumba cha dinosaria aitwaye Iguanodon waliuweka puani kama pembe ya kifaru. Ila si kubahatisha tu. Sinosauropteryx wa China, aliyetangazwa 1996, alikutwa na manyoya, na mwaka 2010 mabaki ya chembe za rangi yakaonyesha mkia wa mistari, wekundu wa kutu na weupe. Halafu kuna Edmontosaurus mmoja wa Kanada, alama za ngozi yake zilibaki kwenye jiwe. Kichwani ana undu, wallahi!

Dogo kachukua kalamu nyekundu, kampaka wake undu hadi shingoni. Sasa dada anauliza nani kaacha fuvu kwenye kochi. Nimenyamaza.